Chanjo Iliyosubiri Mgeni Rasmi

Katika nchi yetu, ambayo jina lake sitalitaja kwa sababu la zamani limefutwa na jipya bado halijazinduliwa, kuna sheria moja inayozishinda zote kwa uzuri. Inasema hivi: kitu kisichozinduliwa na mgeni rasmi hakipo. Basi. Ni sheria fupi, hata mimi niliyesoma darasa la jioni niliielewa siku ileile niliyofundishwa.

Daraja la Mto Kibwe, kwa mfano, lilikamilika miaka mitatu iliyopita. Ni daraja zuri, lina taa kumi na mbili na utepe mwekundu upande huu na upande ule. Chini yake watu wanavuka mto kwa miguu, nguo zimekunjwa, viatu kichwani, maana daraja halipo. Masika maji hufika kifuani. Mwaka juzi yalimchukua mwalimu wa hesabu, na askari anayelinda utepe alilia sana siku hiyo, kwa kuwa kutoka kule juu aliona kila kitu vizuri.

Silalamiki. Nataka tu msomaji ajue kwamba sisi ni watu wa utaratibu.

Mimi nilikuwa mtunza baridi katika Taasisi ya Taifa ya Chanjo za Mifugo. Kila baada ya saa mbili nilifungua mlango wa chumba cha baridi, nikasoma kipimajoto, nikaandika daftarini. Nyuzi nne. Nyuzi tano. Nyuzi nne. Isishuke chini ya mbili, isipande juu ya nane. Binti yangu Mkunde, wa miezi tisa, alilala ndani ya boksi la chupa nje ya mlango, na watu wote wa taasisi walijua kupita kwa kunyata.

Nyumbani tulikuwa na ng'ombe mmoja tu, Mchele. Mama yangu aliniachia alipofariki. Alikuwa mweupe kote, hana doa. Baada ya kujifungua niliugua homa iliyonikausha maziwa yote, na daktari wa kliniki aliponiuliza mtoto atakunywa nini, nikamwambia ana mama wa pili zizini. Kila alfajiri Pishi, ndama wa Mchele, alinyonya chuchu mbili, na mimi nikakamua mbili za Mkunde. Majirani walicheka. "Wale wawili ni ndugu wa ziwa moja," walisema. "Siku ya harusi ya Mkunde, Pishi ndiye atakayekula mahari."

* * *

Aliyetengeneza chanjo mpya ni Dakta Nakijwa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye koti jeupe lililotoboka mfuko, na kalamu zake zilikuwa zikidondoka kila alipotembea, hata ukimtafuta ulifuata kalamu.

Ugonjwa aliokuwa akipigana nao ni ule wa miguu na midomo. Kila mfugaji anaujua. Kirusi kinaingia, ng'ombe anatoa udenda, ulimi unababuka, kwato zinaoza, maziwa yanakatika. Mkubwa hupona akawa si yule tena. Ndama huanguka tu, kirusi kimemla moyo. Chanjo ya zamani ilikuwapo, na ilikuwa imezinduliwa vizuri sana, lakini ilikaa mwilini miezi minne tu, na wachanjaji hupita kwetu mara moja kwa mwaka, wakikumbuka.

"Tatizo ni hili, Mama Mkunde," aliniambia siku moja, tukiwa tumekaa juu ya ndoo mbili tukinywa chai. "Kile kirusi tunakiua kwanza ndipo tukitie chupani. Kwa hiyo mwili wa ng'ombe unakutana na maiti. Maiti haimtishi mtu. Mwili unaitazama mara moja, unaendelea kutafuna majani."

"Sasa wewe umefanyaje?"

"Nimeitia hiyo maiti kwenye mafuta. Matone madogo, madogo kuliko vumbi. Yale mafuta yanaishikilia, yanaitoa kidogo leo, kidogo kesho. Na yanapiga yowe: jamani, njooni mtazame sura hii! Askari wa mwili wanakuja mbio, wanaikariri. Mwaka mzima hawaisahau."

"Kwa hiyo mafuta yenyewe hayapigani?"

"Hata kidogo. Yanapiga yowe tu. Kitaalamu tunayaita kiamshi."

Alikuwa amejaribu michanganyiko sitini. Wa kwanza uliwatia ng'ombe majipu, wa ishirini uligeuka mtindi, wa arobaini na tano ulikuwa mzuri mpaka ukapata joto. Wa sitini na moja ulikaa. Ng'ombe kumi na wawili wa taasisi walichanjwa, na baada ya mwaka mmoja damu yao bado ilikuwa inaikumbuka ile sura. Siku ya majibu Dakta alimtoa Mkunde kwenye boksi, akamrusha juu, akamdaka. "Mafuta na maji yameoana, mama!" alimwambia. "Ila wasigandishwe na wasichemshwe. Wakigandishwa wanaachana, na wakiachana hawarudiani."

Niliandika maneno hayo kwenye jalada la daftari langu. Nyuzi mbili mpaka nane. Wakigandishwa wanaachana.

* * *

Wizara ilimtuma Bwana Mponzi, Mkuu wa Itifaki, mtu aliyejaa manukato na mpole, ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti bila kwanza kuuliza ni cha nani. Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa taasisi. Mimi niliitwa kumimina maji.

"Dakta," Bwana Mponzi alianza, "hiki kiamshi kinaua virusi?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Kinatibu?"

"Hapana."

"Yaani tumwalike Baba wa Mazizi, Kiongozi wetu Mkuu, aje kuzindua kitu kisichofanya kazi yoyote?"

"Kinawaita wenye kazi, mheshimiwa. Bila hicho hawaji."

Bwana Mponzi alitazama glasi yake. Kisha uso ukamng'aa.

"Kumbe ni kama mimi," alisema.

Tangu siku hiyo alikipenda sana kiamshi, na kila aliyekutana naye alimweleza kwamba ndani ya chanjo mna afisa itifaki.

Dakta Nakijwa aliomba jambo moja tu. Ugonjwa ulikuwa umeshaonekana ng'ambo ya mpaka, na mwili wa ng'ombe unahitaji wiki tatu kuikariri ile sura. Wachanjaji wako tayari, chupa ziko tayari, je, haiwezekani kuanza kuchanja wakati uzinduzi unaandaliwa?

Ukumbi mzima ulimwonea haya.

"Dakta," Mkurugenzi wetu alimwambia kwa upole, "utachanjaje kwa kitu ambacho hakipo?"

"Na ugonjwa je? Wenyewe unakuja!"

"Utasubiri," alisema Bwana Mponzi. "Hata ugonjwa una itifaki yake."

Tarehe ikapangwa. Kisha ikaahirishwa, kwa sababu Baba wa Mazizi alikuwa amekwenda kuzindua masika, yaliyoanza kunyesha bila kibali. Ikapangwa tena. Ikaahirishwa, kofia yake ya mfugaji haikuwa imefika kutoka nje. Mara ya tatu ilikuwa ni lebo. Kila chupa ilipaswa kuwa na picha yake, na mashine ilikuwa imebandika chupa ishirini, kila moja ya ng'ombe hamsini, picha ikiwa kichwa chini, miguu juu. Mkurugenzi aliziona akashika moyo. Amri ikatoka ziteketezwe mara moja kwa heshima zote. Lakini uteketezaji wa picha ya Kiongozi nao ni tukio, na tukio lazima lizinduliwe, na nani angethubutu kumwalika aje kuzindua hilo? Basi chupa zile ishirini zilibaki kwenye rafu ya chini ya chumba changu cha baridi, zimefunikwa taulo, na mimi nikaendelea kuziandikia. Nyuzi nne. Nyuzi nne.

* * *

Ng'ombe wa kwanza kuchomwa sindano mbele ya kamera lazima apendeze. Bwana Mponzi alizunguka mtaa hadi mtaa, akakataa wekundu kwa kuwa wanaleta fikra, akakataa weusi kwa kuwa wanaleta mkosi, akakataa wa madoa kwa kuwa madoa ni kama upinzani. Alipofika kwangu akamwona Mchele amelala, Pishi amemwegemea, na Mkunde amekaa kwenye nyasi anajaribu kumnyonya Pishi sikio.

"Huyu," alisema kwa sauti ndogo, kama aliyeingia msikitini.

Alimfunga Mchele utepe mwekundu shingoni. Alinieleza masharti: asichinjwe, asichafuke, na asiguswe na sindano yoyote kabla ya siku yenyewe, kwani wa kwanza ni wa kwanza. Atakaguliwa. Nilimwitikia kwa moyo wote. Majirani walikuja kunipa pongezi. Nilimwosha Mchele kila siku kwa sabuni ya mche, nikamwambia Mkunde, mama yako wa pili atatokea kwenye televisheni.

Jumatatu moja Dakta Nakijwa alinifuata chumba cha baridi. Hakuwa na kalamu hata moja.

"Umevuka mpaka," alisema. "Uko kata ya Mwigo tangu juzi." Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Mama Mkunde, Mchele wako mchome leo. Na Pishi. Nitakuchomea mimi mwenyewe. Nani atajua?"

"Atakaguliwa, Dakta. Bwana Mponzi kasema."

"Watakagua nini? Tundu la sindano kwenye ng'ombe mzima?"

"Zimebaki siku kumi na nane tu, Dakta."

"Nahitaji ishirini na moja kabla ugonjwa haujafika. Na wewe unanipa kumi na nane za kungoja."

Nilimtazama. Nataka kusema niliogopa, maana mwoga husamehewa. Sikuogopa. Niliamini. Nilikuwa nimeona ratiba imepigwa chapa, ina muhuri, ina jina la Mchele mstari wa saba. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuandikwa mahali popote isipokuwa kwenye kadi za kliniki.

"Tungoje, Dakta," nilisema. "Mambo mazuri hayataki haraka."

Alinishika bega, akaondoka. Alikuwa na funguo zake za chumba cha baridi, angeweza kuchukua chupa mwenyewe na kumchoma Mchele. Lakini alikuwa mtu wa kuomba ruhusa kwa mwenye ng'ombe.

* * *

Siku ya uzinduzi ilikuja na jua kali. Kila kata iliagizwa ilete ng'ombe mia, na asiyeleta haipendi nchi. Walikuja elfu kadhaa. Sijawahi kuona wanyama wengi hivyo mahali pamoja, pua kwa pua, wanakunywa kwenye hori moja. Ni Ikungulu tu walioshindwa. Kijiji chao kiko ng'ambo ya Mto Kibwe, mto ulikuwa umefurika, na daraja halipo. Mshereheshaji aliwasoma kwenye kipaza sauti kama wasaliti.

Pembeni yangu alisimama mzee mmoja na ng'ombe wake mwekundu anayechechemea. Udenda ulimning'inia mpaka chini.

"Baba, shikamoo. Mmetoka kata gani?"

"Marahaba, binti yangu. Mwigo."

"Huyu ng'ombe wako mzima?"

"Mzima wapi? Tumetembea siku mbili. Nilimwambia mtendaji huyu anaumwa, akaniambia basi mlete, chanjo ndiyo dawa yake." Akamfuta ng'ombe mdomo kwa kitambaa chake. "Wewe wako ameoshwa kama bibi harusi."

Ng'ombe wa mzee alinyoosha shingo, akamnusa Mchele usoni. Nilivuta kamba. Nilivuta haraka, lakini ng'ombe wakisalimiana hawachukui muda.

"Na tazameni!" alipaza sauti mshereheshaji, akinyoosha kidole upande wetu. "Hata ng'ombe wanadondokwa na mate kwa hamu ya maendeleo!"

Watu walipiga makofi. Mzee wa Mwigo naye alipiga, kamba ikiwa kwapani.

Chupa zilikuwa zimeondolewa chumbani kwangu jana yake. Nilimtafuta Bwana Mponzi, nikamuuliza ziko wapi. Alinionyesha hema la wageni mashuhuri kwa fahari. Humo mlikuwa na friza jipya, lililonunuliwa kwa ajili ya vinywaji vya Baba wa Mazizi, ambaye hupenda vitu vya baridi vinavyouma meno. Chanjo ilikuwa imepewa heshima ya kulala humo pamoja na soda zake. Niliingiza kipimajoto changu. Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Chupa zilikuwa ngumu kama mawe.

Niliandika daftarini. Mkono uliandika wenyewe.

"Bwana Mponzi, hii haitakiwi kuganda!"

"Haijaganda, mama. Imetulia." Akawaamuru vijana wazipange juani, mezani, ziyeyuke kabla ya hotuba.

Hotuba ilichukua saa mbili na nusu. Nakumbuka mwanzo wake. "Ndugu wananchi, na ndugu ng'ombe! Wakati mimi nazaliwa, hapakuwa na ng'ombe hata mmoja katika nchi hii aliyejua kusoma. Leo pia hawajui. Lakini sasa hawajui kwa amani!" Tulishangilia mpaka Mkunde mgongoni akaamka.

Kisha akainua chupa ya kwanza. Ilikuwa imeyeyuka, na mafuta na maji vilikuwa vimeachana. Juu njano, chini nyeupe, na mstari ulionyooka katikati. Bendera yetu, kwa asiyejua, ni njano juu na nyeupe chini.

"Mnaona!" alisema Baba wa Mazizi, akifuta machozi ya kweli. "Hata dawa imevaa bendera!"

Watu walisimama. Bendi ikapiga wimbo wa taifa. Dakta Nakijwa naye alisimama, lakini yeye alikuwa anapunga mikono.

"Imeharibika hiyo! Jamani, imeharibika! Hayo ni maji na mafuta tu!"

Bwana Mponzi alimfikia kwa hatua za taratibu.

"Dakta, swali lako halimo kwenye ratiba."

"Si swali!"

"Basi na jibu halimo."

Wakamkalisha. Baba wa Mazizi akashika bomba la sindano kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika mkia wa panya, na mtaalamu mmoja akamsukumia mkono. Sindano ikaingia. Mchele alishtuka, akageuza kichwa. Hakutazama kamera. Alinitazama mimi.

* * *

Siku ya sita Mchele hakusimama kukamuliwa. Ulimi wake ulikuwa umebabuka kama uliounguzwa na uji. Nilikamua chuchu mbili za Mkunde, yakatoka matone, yakatoka damu kidogo, yakakoma.

Pishi alikuja kunyonya kama kawaida yake. Alipiga kiwele kwa pua, akangoja, akapiga tena. Kisha akarudi nyuma hatua mbili kama anayetaka kucheza, akaanguka. Nilidhani anacheza. Mkunde pia alidhani, alicheka.

Nilikwenda ofisi ya mifugo kuandikisha kifo. Karani alikuwa kijana mwenye adabu.

"Pole sana, dada. Kafa kwa nini?"

"Miguu na midomo."

Akapekua orodha. "Huo umeshazinduliwa?"

"Umeingia wenyewe, kaka."

"Basi haupo. Nitajie ugonjwa uliopo." Akaniona machozi, akanihurumia, akageuza orodha nami niione. "Uliopo ni kupe tu. Kupe walizinduliwa mwaka jana."

Pishi akaandikwa kafa kwa kupe. Siku hiyo katika foleni tulikuwa watu mia tatu na kitu, na wote ng'ombe wetu walikufa kwa kupe. Nilimwona mzee wa Mwigo, kamba yake mkononi, haina kitu mwisho wake. Alinisalimia yeye kwanza, mimi mdogo wake.

Tume iliundwa. Iligundua kwamba chanjo imefaulu kwa asilimia mia moja, kwa kuwa ng'ombe wote waliokuwa hai mwanzo wa sherehe walikuwa hai mwisho wa sherehe. Niliwapelekea daftari langu. Walilipitia ukurasa kwa ukurasa, mpaka kwenye ile kumi na nane chini ya sifuri, wakanisifu kwa mwandiko. Dakta Nakijwa alihamishiwa Idara ya Mapazia ya Kumbi za Serikali.

Nyumbani nilimpikia Mkunde uji wa ulezi, nikautia karanga. Aliutema. Alikuwa akitambaa mpaka zizini, anakaa mbele ya Mchele, anafungua mdomo. Na Mchele, midomo yake ikiwa vidonda, alimlamba kichwa, kwa kuwa ndiye mtoto aliyebaki. Kliniki, mstari wa uzito kwenye kadi yake, uliokuwa unapanda vizuri, ulilala. Mwezi uliofuata ukaanza kushuka. Nesi alitia nukta mpya. Alikaza kalamu tu pale, mpaka karatasi ikatoboka.

Nilikuwa nimeambiwa, mchome leo. Nilijibu, mambo mazuri hayataki haraka. Nayasema hapa ili yaandikwe mahali.

* * *

Jumamosi nilikwenda kwa Dakta Nakijwa. Nilimkuta amezungukwa na mapazia ya zambarau, anahesabu pete za kuyatundikia.

"Dakta, zile chupa zenye picha iliyopinduka," nilisema. "Ishirini. Hazikutoka."

Aliacha kuhesabu. "Umezisoma?"

"Kila baada ya saa mbili. Nyuzi nne. Tano. Nne."

"Hazikuganda?"

"Hata siku moja. Nilimsikia Mkurugenzi anasema hazipo. Kama hazipo, tukizichukua hatujachukua kitu."

Akacheka, na katika kucheka kalamu moja ikadondoka.

Ugonjwa unasafiri kwa nguo na viatu, na kwangu ulikuwapo. Kwa hiyo nilimwacha Mchele kwa jirani ambaye naye alikuwa na wagonjwa, nikaoga, nikachemsha nguo, nikakaa kwa Dakta siku nne, na siku ya safari tukakanyaga wote wawili beseni la maji ya magadi. Boksi la baridi lenye zile chupa ishirini nilibeba mimi. Mkunde alibebwa na Dakta.

Mto Kibwe ulikuwa bado unavuma. Kwenye daraja alisimama askari yuleyule, mbele ya utepe wake uliopauka.

"Mnakwenda wapi, mama zangu?"

"Ikungulu, afande."

"Kwenye boksi mna nini?"

Dakta alitaka kueleza. Nilimtangulia. "Hamna kitu. Kitu chenyewe hakijazinduliwa."

Askari alitazama boksi. Akamtazama Mkunde, vifundo vya mikono vilivyokuwa vimesinyaa. Akatazama chini mtoni, pale maji yalipomchukua mwalimu, na taya likamcheza.

"Na daraja lenyewe halipo," alisema polepole. "Sasa watu watapita wapi?" Akashika utepe kwa vidole viwili, akauinua juu kabisa, akageuza uso upande wa pili. "Mimi sioni mtu."

Tulipita. Taa zote kumi na mbili zilikuwa na viota vya ndege.

Ikungulu walitupokea kwa wasiwasi, maana walijua wanaitwa wasaliti. Bibi Mbula, mwenye zizi la kwanza, aligeuza chupa huku na huku.

"Mbona Mkubwa amesimama kwa kichwa?"

"Huko kusimama kwa kichwa ndiko kulikoiokoa chanjo, bibi," alisema Dakta.

"Mh. Basi mchome. Wangu wana vichwa vigumu, watazoea."

Dakta alichoma, mimi nilisoma kipimajoto na kushika pembe. Nyuzi tano. Nyuzi sita, tukahama kivulini. Nyuzi tano. Ilipofika jioni ng'ombe wote wa Ikungulu walikuwa na mafuta na maji yaliyooana ndani ya shingo zao, yanapiga yowe. Kwenye daftari la serikali ukurasa wa siku hiyo ni mtupu. Mpaka leo, kwa hesabu rasmi, hakuna ng'ombe aliyechanjwa Ikungulu.

Mto ulipopungua ugonjwa ulivuka. Ulipita zizi la kwanza, la pili, la tatu. Ndama waliendelea kurukaruka. Ukaondoka.

Wizara ilishindwa kueleza, ikaamua kwamba Ikungulu nayo haipo, na imeondolewa kwenye ramani mpaka itakapopatiwa tarehe.

Mchele yu hai. Kwato zilipona zimepinda, na maziwa hayakurudi. Asubuhi husimama pale Pishi alipoangukia, hulia mara mbili, kisha hunyamaza akasikiliza. Sijui anasikiliza nini. Mimi pia huwa nanyamaza.

Kila alfajiri Bibi Mbula anavuka daraja na kibuyu chini ya kanga. Askari anainua utepe, anageuza uso. Nachemsha maziwa, nayapoza, namkalisha Mkunde mapajani. Mstari wa kadi umeanza kupanda, kidogo, kama mtu anayepanda ngazi ya nyumba isiyo yake. Jana Bwana Mponzi alionekana mtaani, na bahasha kubwa mkononi, anauliza kama ni kweli kuna maziwa. Nilisitisha kikombe hewani.

Bibi Mbula alikishika chini, akakisukuma taratibu mpaka mdomoni kwa mtoto.

"Kunywa, mjukuu wangu," alisema. "Kunywa upesi, kabla hayajazinduliwa."